Handaki la kufikirika kutoka Mikindani hadi Masasi

Mtwara si mkoa wa mahandaki. Anayetaka kuyaona aende Kilosa, ambako reli ya SGR inapenya milima, au apande treni ya TAZARA achungulie dirishani kati ya Mlimba na Makambako, ambako Wachina, Watanzania na Wazambia walitoboa mlima baada ya mlima miaka ya 1970. Huku kwetu barabara hupanda na kushuka, basi. Lakini kazi yangu ni baruti na kwetu ni Masasi, na kila nikipanda basi la kurudi nyumbani huwa nachimba handaki kichwani: mlango mmoja Mikindani, wa pili chini ya mlima Mtandi.

Kwa barabara ni kama kilomita mia mbili, na hakuna serikali yenye akili timamu itakayolichimba. Kama zoezi, hata hivyo, sijui lililo bora zaidi, maana njia hiyo inakupitisha karibu kila aina ya mwamba inayomnyima mlipuaji usingizi: mawe ya matumbawe pwani, udongo wa mfinyanzi, mchanga-mawe wa uwanda wa Makonde, kisha miamba ya kale ya gineisi. Ukichepuka kaskazini kuelekea Ruangwa unakutana na kinywe, yaani grafaiti. Watu wakiniuliza ulipuaji wa mahandaki unaboreshwaje wanatarajia nitaje mashine. Mashine zinasaidia, sikatai. Lakini handaki huanza kuharibika siku ile ramani moja ya mashimo ya baruti inapobandikwa ukutani ofisini na kuachwa hapo mpaka mradi uishe, huku mwamba ukibadilika kila baada ya mita chache.

Kwa asiyewahi kuingia humo, kazi yenyewe ni mzunguko. Wapimaji wanaweka alama za rangi kwenye uso wa mwamba, wachorongaji wanatoboa, walipuaji wanajaza, watu wanatoka, inalipuliwa. Feni zinafukuza moshi, kwa sababu moshi wa baruti una kaboni monoksaidi na oksaidi za naitrojeni, na hizo haziombi ruhusa. Halafu anaingia mtu na mtaimbo, siku hizi mara nyingi mashine, kuangusha mawe legevu yaliyobaki darini. Kifusi kinazolewa, mwamba unafungwa kwa boliti na zege la kunyunyiza, wapimaji wanarudi na rangi yao. Kwenye miradi mikubwa shimo huwa na kipenyo cha milimita 40 hadi 50 hivi na urefu wa mita tatu hadi tano. Wachimbaji wa dhahabu kule Namungo, ambao wengi nchini wanalijua jina lao kwa sababu ya timu ya mpira, wanafanya mambo hayohayo kwa jakihama, kompresa na mashimo mafupi.

Mashimo hayalipuki yote pamoja. Uso wa handaki ni ukuta uliobanwa pande zote, na jiwe lina njia moja tu ya kutokea, yaani kuja kwako. Tena mwamba ukivunjika huvimba. Kifusi kinataka nafasi kubwa kuliko ile jiwe lilikokuwa, kwa nusu yake au zaidi. Kwa hiyo katikati hutobolewa shimo moja au machache makubwa, milimita 76 hadi 127, yasiyowekwa baruti hata chembe. Kazi yake ni kuwa wazi. Mashimo yanayoyazunguka hulipuka kwanza na kutapika kifusi chake nje, kila moja likimsubiri mwenzake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Tundu linapanuka, safu inayofuata inapata pa kuangukia, na mwisho yanakuja mashimo ya pembezoni na ya sakafuni. Katikati pakigoma, zamu nzima imepotea. Utaongeza baruti pembeni, mlima utatikisika, nyufa zitaongezeka, na jiwe litabaki palepale limekukodolea macho.

Tuanzie Mikindani. Kuna nyumba za kale za mawe na chokaa, kwa hiyo tatizo la kwanza hapa ni majirani. Mtikisiko hupimwa kwa kasi ambayo ardhi inachezacheza nayo, milimita kwa sekunde, na kiwango cha Ujerumani cha DIN 4150 kinaziruhusu nyumba za kihistoria milimita 3 tu kwa sekunde mtikisiko unapokuwa wa mawimbi ya polepole. Wananchi wakisikia tani ya baruti imetumika wanashtuka, lakini ukubwa wa mtikisiko hutawaliwa zaidi na kiasi kinacholipuka kwa mkupuo mmoja na umbali wa nyumba kuliko jumla ya zamu. Hapo ndipo fataki za kielektroniki, yaani viwasho vya baruti, zinapostahili bei yake: kila moja hupangiwa muda wake kwa milisekunde, hivyo unaweza kulipua shimo mojamoja. Fataki za zamani zenye ucheleweshaji wa kemikali zina kawaida ya kupishana kidogo na muda ulioandikwa juu yake, na mbili ulizodhani zitaachana huenda zikalia pamoja.

Mwamba wa matumbawe wenyewe una matundu. Shimo likikatiza pango, baruti ya kumimina itaingia pangoni na kujaa mahali pamoja, na gesi itapumulia humo badala ya kusukuma jiwe. Asiyeamini jinsi mawe ya chokaa ya kusini yalivyo na matundu akatembelee mapango ya Nang'oma huko Matumbi, wilayani Kilwa, upande uleule ambako Vita vya Maji Maji vilianzia mwaka 1905. Mchorongaji akihisi chuma kimezama ghafla bila upinzani lazima aandike: shimo namba fulani, mita fulani, tupu. Hilo linazibwa, au linapewa baruti iliyofungwa kwenye vifuko. Na kwa kuwa bahari iko hatua chache, baruti ya punjepunje inayoharibiwa na maji haina kazi hapa. Ni emulsheni, baruti ya uji inayostahimili maji, au usijisumbue. Kwa kweli kipande hiki cha kwanza nisingekilipua kabisa. Ekskaveta yenye nyundo inatosha, na wazee wa Mikindani wangelala usingizi wao wa mchana.

Kutoka hapo tunaingia chini ya uwanda wa Makonde. Mchanga-mawe wa huku sehemu nyingi umeshikana kwa shida, na mashapo ya upande huu wa nchi kwa jumla si ya kutisha: kule Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani waliwatumia mamia ya vibarua wa hukuhuku kuchimbua mifupa ya dainosari kwa zana za mkono, kisha mizigo ikabebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Mwamba unaokubali jembe na sururu hauhitaji ubabe. Ukiulipua kwa ramani ya granaiti utakachopata ni dari iliyokufa: hakuna jiwe linaloshikana na jingine, na kila boliti unayopiga inaingia kwenye unga.

Tatizo la huku ni maji. Juu ya uwanda ni pakavu, jambo ambalo kila mama wa Newala aliyeteremka bondeni na ndoo analijua bila kufundishwa. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na maji yanatokea chini kwenye miteremko. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala na kutazama bonde la Ruvuma chini yako, ujue handaki langu linapita mahali ambapo maji hayo yanajikusanya. Kwa hiyo huku kabla ya kulipua unapeleleza. Mashimo marefu, mita 20 hadi 30, yanatobolewa mbele ya uso wa handaki, na mapya yanaanza kabla ya yale ya awali kuisha, ili kila wakati uwe na mita kadhaa unazozijua mbele yako. Maji yakitoka kwa nguvu, unasukuma uji wa saruji kwenye mwamba kwanza, unasubiri ushike, ndipo unachimba. Wakandarasi hawapendi kusubiri huku. Nawaelewa, mashine zimesimama na mshahara unatembea, lakini kuziba maji ambayo bado yako mbele ni rahisi sana kuliko kuyaziba yakishaingia nyuma yako.

Na hatua, yaani urefu unaochimbwa kwa mlipuko mmoja, inafupishwa. Mwaka 1973 mhandisi Bieniawski, akiwa Afrika Kusini, alichapisha mfumo wa kuupa mwamba alama kwa kuzingatia uimara wa jiwe, wingi na hali ya nyufa, na maji, jumla ikiishia mia. Mapendekezo yake kwa handaki lenye upana wa mita 10 yanasema mwamba wa alama zaidi ya 80 unaweza kuchimbwa uso mzima, mita tatu kwa mara moja. Ukishuka kati ya 21 na 40, chimba nusu ya juu kwanza, mita moja hadi moja na nusu tu, na uweke nguzo na boliti huku unachimba. Chini ya hapo unakata uso vipandevipande. Namba hizi si msahafu, ila zinamfanya mhandisi na msimamizi wa zamu wabishane kuhusu kitu kimoja. Bila hizo mmoja anasema mwamba mzuri, mwingine mwamba mbovu, na aliye na sauti kubwa ndiye anashinda.

Sasa tufike mahali ninapopapenda kuliko pote, na ninapopaogopa: mpaka. Mahali fulani kabla ya Masasi mashapo yanaisha na miamba ya kale ya Ukanda wa Msumbiji (jina la kijiolojia, si mpaka wa nchi) inaanza. Mpaka huo haujanyooka kama ukuta wa nyumba. Unaweza kupiga mita nyingi ukiwa na uso ambao upande wa kushoto ni gineisi inayotoa cheche na upande wa kulia ni udongo uliooza. Hapa ndipo ramani moja inapoua watu. Upande laini unavunjika mpaka kule usikotaka, upande mgumu unabaki na visiki, na wachorongaji wanalaumiwa. Uso wa namna hii unataka ramani mbili ndani ya moja: mashimo machache na baruti nyepesi upande laini, mashimo ya karibukaribu upande mgumu, urefu wa wote ukifuata ule unaostahimiliwa na upande mbovu. Mashimo ya kufungulia njia si lazima yakae katikati kabisa; huhamishwa. Na hata kwenye mwamba ulio sawa huhamishwa kila mzunguko, kushoto leo na kulia kesho, kwa sababu matako ya mashimo ya jana, yaani ncha zake za ndani zilizobaki, bado yapo usoni na ndani yake huenda kuna baruti ambayo haikulipuka. Kutoboa ndani ya tundu la zamani kwa sababu tayari limeanzishwa ni uvivu uliokwisha kuwatoa watu roho duniani kote, migodi mikubwa kwa midogo.

Tukishaingia kwenye gineisi yenyewe, kazi inakuwa tamu. Jiwe ni gumu, linasimama lenyewe, hatua inaweza kurefuka. Lakini gineisi ina mistari, na mwelekeo wa mistari hiyo ni nusu ya kazi. Handaki likiikata mistari kwa kuivuka, kila mlipuko unatoka safi. Likienda sambamba nayo, hasa mistari ikiwa imesimama wima, kuta zinabanduka kwa mbao kubwa kubwa. Mfumo wa Bieniawski unapunguza hadi alama 12 kwa sababu ya mwelekeo tu, jiwe likiwa lilelile. Hivyo kama mpangaji wa njia ana nafasi ya kuligeuza handaki kidogo, na aligeuze kwenye karatasi. Kwenye mwamba itakuwa ghali.

Kwenye gineisi nzuri ndipo mashimo ya pembezoni yanapodai heshima. Haya ndiyo yanayochora umbo la mwisho. Yanatobolewa karibukaribu, umbali kati ya shimo na shimo ukiwa pungufu ya umbali wa kwenda safu ya ndani, kama 0.8 yake, na baruti yake ni nyembamba kuliko shimo ili hewa ibaki kuzunguka na kupunguza makali ya kishindo. Kina mama wanaobangua korosho kwa mkono wanaijua fizikia hii: gonga kwa woga, ganda halifunguki, gonga kwa hasira, umepata vipande na bei imeshuka. Ikifanikiwa, ukutani zinabaki alama za nusu shimo, mifereji mirefu iliyonyooka. Mimi nikiingia kwenye handaki la watu, hizo ndizo nazitafuta kabla sijasalimia. Kwenye jiwe zima zikiwa nyingi, walipuaji wanajua kazi. Kwenye mwamba uliopasukapasuka hazitaonekana hata ukimleta nani, na si haki kumkata mtu posho kwa hilo.

Gharama ya kuvunja kupita mstari wa umbo lililochorwa inapigiwa hesabu rahisi. Handaki lenye kuta na dari zenye urefu wa jumla mita 20 likivunjika sentimita 20 za ziada kuzunguka, hiyo ni mita za ujazo nne kwa kila mita ya mwendo. Kwa kilomita moja ni 4,000. Kifusi kikishavimba kwa nusu ni 6,000, na kwa lori la mita za ujazo kumi ni safari 600 ambazo hakuna aliyeziomba, na pengo hilo mara nyingi linajazwa kwa zege. Sehemu ya hasara hiyo inatoka kwenye urefu wa shimo wenyewe. Mashimo ya pembezoni lazima yainame kidogo kwenda nje, la sivyo mashine haitapata nafasi ya kukaa mzunguko unaofuata na handaki litasinyaa. Shimo likiwa refu, ncha yake inaishia mbali zaidi na mstari. Ndiyo maana meneja anayeng'ang'ania mita tano kila mlipuko kwenye mwamba wa mita tatu anajidanganya: anachokiokoa kwenye muda anakilipa kwenye lori na saruji. Na kabla ya kubadilisha aina ya baruti, pimeni kwanza kama mashimo yanatobolewa pale rangi ilipowekwa na kwa pembe iliyoandikwa. Mara nyingi ugonjwa uko hapo, na dawa yake ni kamba, rangi na mtu makini.

Kinywe ni habari nyingine. Ruangwa inasifiwa kwa madini hayo, na kwa biashara ni neema, maana betri za magari ya umeme zinayataka. Kwa mchimba handaki ni utelezi. Yanakaa kama utando mweusi kwenye mistari ya mwamba, na jiwe ambalo ukilipiga nyundo linalia kama kengele linaweza kuteleza lote kama bamba. Watafiti watatu waliokuwa Norwe, Barton, Lien na Lunde, walipotoa mfumo wao wa Q wa kupima ubora wa mwamba mwaka 1974, waliliweka jambo hili kwenye majedwali: ufa wenye kuta safi zisizooza unapewa namba 1 kwenye kipengele cha hali ya ufa, wenye utando wa madini laini au ya kuteleza, kinywe kikitajwa humo, unapewa 4. Namba hiyo ni kigawanyo. Maana yake, vingine vyote vikiwa sawa, ubora wa mwamba umeshuka mpaka robo kwa sababu ya utando ambao unaweza kuukwangua kwa ukucha. Boliti zinasogeleana, zege linanyunyizwa mapema, hatua inafupishwa.

Mzee mmoja mchorongaji, mtu wa Ndanda, ndiye aliyenionyesha kinywe kabla mjiolojia hajafika. Nilimwamkia, shikamoo mzee, akanijibu marahaba mwanangu bila kuondoa macho kwenye shimo. "Tazama maji," akasema. Maji ya kusafishia shimo yaliyokuwa yakirudi meupe ya kijivu yaligeuka meusi, na sauti ya mashine ikalegea. Alishajua mkanda uko mita ngapi ndani na una unene gani, kwa maji na masikio tu. Mashine za kisasa zinarekodi hayo yote zenyewe: kasi ya kupenya, shinikizo, nguvu ya kuzunguka, maji, kila sentimita kadhaa, na kompyuta inachora ramani ya mwamba ambao bado hujaulipua. Ni chombo kizuri mno. Nimeona pia rekodi hizo zikihifadhiwa kwa uaminifu mkubwa bila mtu yeyote kuzifungua, wakati zamu inayofuata inajaza baruti ileile kwenye shimo lenye mkanda mweusi.

Kule Masasi kunatubakia mlango wa kutokea, na milango ndiyo sehemu zenye hila kuliko zinavyoonekana. Ile milima ya mawe inayompokea msafiri inaonekana kama jiwe moja lisilo na doa, lakini karibu na uso wake jiwe limegawanyika matabaka yaliyojikunja kufuata umbo la mlima, na chini yake kuna mwamba uliooza kwa mvua za miaka mingi sana. Hapo unarudi kwenye hatua fupi, vyuma vinapigwa kutangulia juu ya dari kabla ya kuchimba, na baruti inapungua kadiri mwanga unavyokaribia. Wengi hufanya kinyume. Wakisikia sauti za watu wa upande wa pili wanakuwa na haraka.

Haya yote yanaamuliwa na mkataba, kitu ambacho wahandisi vijana hawapendi kukisoma. Mkataba ukilipa bei moja kwa kila mita, mkandarasi hana sababu ya kufupisha hatua kwenye mwamba mbovu. Atapiga ndefu na kuomba Mungu. Ukilipa kwa madaraja ya mwamba, itazuka vita ya kila asubuhi ya nani anaamua daraja. Naichagua hiyo vita. Karatasi ya uso wa handaki, yenye mchoro wa nyufa, rangi ya maji, mashimo yaliyokuwa matupu, umbali ulioingia ukilinganishwa na urefu wa mashimo, isainiwe na mjiolojia na msimamizi wa zamu kabla shimo la kwanza la mzunguko unaofuata halijatobolewa, na ramani ya mashimo itoke kwenye karatasi hiyo. Uvunjaji wa ziada unaotokana na mkanda wa kinywe ulipwe na mwenye mradi, unaotokana na mashimo yaliyopinda ulipwe na mkandarasi. Na mchorongaji aandikiwe kwenye mkataba, kwa Kiswahili, haki ya kusimamisha mashine maji yakibadilika rangi, bila kukatwa zamu yake.